Daktari anaandika kwenye kompyuta, dawa ikiisha dirishani tunapewa karatasi. Cheti cha dawa cha kielektroniki kinakwama wapi?

Mjukuu wa Kiboriloni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimewalenga wa Moshi, ila wa Arusha na kwingineko karibuni, najua kinachotusibu ni kimoja.

Siku hizi ukienda hospitali kubwa hapa mjini daktari hashiki kalamu. Anakusikiliza huku macho yake yakiwa kwenye kompyuta, anabonyeza, anakwambia "pita dirisha la dawa". Ukifika dirishani jina lako lipo, dawa zipo, bei ipo. Vituo vingi vya serikali vinatumia GoTHOMIS (mfumo wa kompyuta wa serikali wa kuendeshea vituo vya afya), hospitali nyingine zina mifumo yao. Kwa hiyo anayesema cheti cha kielektroniki ni mambo ya Ulaya, huyo hajaugua karibuni. Kipo, ila kinaishia getini.

Ukiambiwa tu "hii imeisha, kanunue nje", karatasi inarudi. Mtu anachana kipande, ananakili kwa mkono kile kile ambacho kompyuta inakijua tayari, anapiga saini ambayo hata yeye kesho hataitambua. Nilimpeleka mama kliniki ya presha na sukari, tukatoka na kipande cha namna hiyo: "Amlo 5 1x1", "Met 500 1x2", na mstari wa tatu ambao ulikuwa kama njia ya siafu. Famasi ya kwanza Double Road yule dada alikiinua kwenye taa, akamwita mwenzake. Mmoja akasoma losartan, mwingine akasoma kitu kingine kabisa. Wakakipiga picha, wakakituma kwenye kundi lao la WhatsApp. Yaani dawa ya mama yangu inapigiwa kura na watu nisiowajua, na wakati huo huo imeandikwa vizuri kabisa kwenye mashine iliyo kilomita chache tu kutoka hapo.

Ninachotaka mimi si kikubwa. Daktari akishabonyeza, mgonjwa apate namba kwa meseji. Aende famasi yoyote iliyosajiliwa, waingize namba, waone dawa, watoe, wafunge. Kama LUKU tu: namba ikishaingia kwenye mita hairudii. Na anayetaka karatasi apewe karatasi, asilazimishwe mtu.

Naomba tusibishane kama kompyuta ni nzuri au mbaya. Tubishane cheti kikishatoka getini ni cha nani.

---

Meku wa Soweto

Umegusa mfupa. Nitakujibu swali lako la mwisho: kitakuwa cha mwenye famasi iliyo karibu na geti. Mtatengenezewa mfumo unaofunguka kwenye famasi moja tu, ya mjomba wa mtu, na bei atapanga anavyojisikia. Karatasi kwa ubaya wake wote ina uhuru: naingia hapa elfu kumi na mbili, natoka, naingia pale elfu nane. Mkinipokonya hilo nabaki na mwandiko mbaya, asanteni.

---

Mjukuu wa Kiboriloni

Meku, hiyo ndiyo hofu yangu pia. Wenzetu wameipatia majibu tofauti. Uingereza mgonjwa anachagua famasi yake, anaweza kuibadilisha akitaka, na asiyechagua anapewa karatasi yenye mistari ya kuskani anayoipeleka anakotaka. Estonia hakuna hata kuchagua: cheti kinakaa sehemu moja ya taifa, unaenda famasi yoyote na kitambulisho chako, wanakivuta. Mimi nasimama na Estonia. Cheti kisitumwe famasi. Kikae, mgonjwa akifuate anapopata nafuu ya bei.

---

Mtoa Dawa

Nipo nyuma ya kaunta miaka mingi, mfamasia, Moshi hapa hapa. Ruhusuni niandike kwa kirefu kidogo.

Mnacheka mwandiko, lakini kinachonikosesha usingizi si cheti kisichosomeka. Kisichosomeka nakirudisha, yameisha. Cha hatari ni kile kinachosomeka vibaya kwa uhakika. Mtu kaandika insulini "10U", yaani uniti kumi, ile U imejifunga juu kama sifuri, nasoma 100. Mtu kaandika ".5" bila sifuri mbele, nukta imeshikwa na mkunjo wa karatasi, nasoma 5. Marekani kulikuwa na dawa ya vidonda vya tumbo iliyoitwa Losec, ikawa inachanganywa na Lasix, dawa ya kukojoza maji mwilini, mpaka mwaka 1990 ile ya kwanza ikabadilishwa jina kuwa Prilosec. Watu walibadilisha jina la dawa kwa sababu ya mwandiko wa madaktari! Kwa upande huo mashine ni ukombozi, sibishi.

Ila msije mkadhani kompyuta haikosei. Inakosea kwa namna yake. Andika "met" kwenye mfumo uone orodha itakayoshuka: metformin, methotrexate, methyldopa, metoclopramide, metoprolol, metronidazole. Daktari ana foleni ya watu sitini nje, kidole kinateleza mstari mmoja, mgonjwa wa sukari anatoka na methotrexate, ambayo mwenye maumivu ya viungo anainywa mara moja kwa wiki na akiinywa kila siku inaweza kumuua. Na itakuja kwangu imechapwa safi, kwa herufi nzuri, na jina la daktari chini. Karatasi mbaya inanifanya niulize. Iliyochapwa vizuri inanifanya niamini. Hapo ndipo mfamasia anapotakiwa kuwa macho zaidi.

Kwa hiyo ombi langu kwa watakaotengeneza: nione sababu ya dawa. Si lazima ugonjwa wote, neno moja tu, "sukari", "presha", "amiba". Nikiona methotrexate na pembeni "sukari", nanyanyua simu. Na namba ya simu ya idara iwepo, maana kwenye vipande vya sasa namtafuta daktari kama natafuta mbuzi aliyepotea Boma Ng'ombe.

Jambo la pili, kubwa kuliko mwandiko: mgonjwa mmoja, hospitali mbili. Tuseme mama mmoja ana tatizo la moyo, anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, kutoka kliniki ya mjini. Tumbo limemsumbua, zahanati ya kijijini wamempa metronidazole. Dawa hizo mbili zikikutana damu inakuwa nyepesi kupita kiasi, mtu anaweza kuvuja ndani kwa ndani. Kila karatasi peke yake iko sahihi. Kosa unaliona ukiziweka pamoja tu, na kwa sasa hakuna meza zinapowekwa pamoja.

---

Binti wa Rombo

Shikamoo Mtoa Dawa, nimesoma mara mbili mbili. Hilo la metronidazole limeniogopesha, bibi yangu anatumia dawa za moyo.

Lakini jamani mleta uzi, hiyo meseji inaingia kwenye simu ya nani? Bibi ana kiswaswadu, meseji zimejaa za mikopo na za bahati nasibu, hajui kufungua hata moja. Namba iliyoandikwa hospitali ni ya mjomba aliye Dar, kwa sababu ndiye anayelipa. Kwa hiyo cheti cha bibi kitaingia Dar, bibi akiwa amekaa kwenye benchi la famasi anasubiri mjomba atoke kwenye kikao.

Na kitambulisho cha NIDA ndiyo usiseme. Wengine wana namba bila kadi, na mtoto mdogo hana vyote viwili.

---

Fundi wa Seva

Binti wa Rombo, hoja yako inajibika, na haihitaji simu janja. Serikali tayari ina menyu ya *152*00# inayofanya kazi kwenye kitochi chochote. Cheti kinaweza kuitwa kupitia njia kama hiyo. Na kwa asiye na simu kabisa, hospitali inachapa kikaratasi chenye namba na kile kimraba cha kuskani kwa kamera. Hicho kikaratasi si cheti, kikilowa au kikipotea unachapiwa kingine. Cheti chenyewe kimekaa salama kwenye mfumo.

Australia wanatuma kimraba hicho kwa meseji tangu 2020. Na dawa ya kurudia ikishatolewa mara moja, mgonjwa anatumiwa kimraba kipya cha zamu inayofuata. Sweden walituma cheti cha kwanza kwa kompyuta mwaka 1983, kabla wengi humu hatujazaliwa. Estonia walianza rasmi Januari 2010. Ujerumani, pamoja na utajiri wao wote, wamelazimisha madaktari kuanzia Januari 2024 tu! Walivutana miaka. Kwa hiyo tusijione tumechelewa sana, ila tusijidanganye pia kwamba ni kazi ya mwezi mmoja na kijana mmoja mwenye kompyuta mpakato.

Sehemu ngumu si programu ya daktari wala ya famasi. Sehemu ngumu ni mifumo tofauti kukubali kuita kitu kimoja kwa jina moja. Hospitali moja imeandika "Amlodipine 5mg tab", nyingine "AMLODIPIN 5", ya tatu imeandika jina la kiwandani. Mtoa Dawa anajua ni kitu kimoja. Mashine haijui mpaka ifundishwe, kwa orodha moja ya taifa yenye namba kwa kila dawa.

---

Babu Kahawa

Vijana mnaandika vizuri. Nawauliza swali la kizee. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ikalala nchi nzima, nyinyi mlikuwa wapi? Mimi nilikuwa benki nimekaa kwenye kiti. Je, ningekuwa nimekaa famasi nasubiri dawa ya kifafa ya mjukuu?

La pili. Huu mji mdogo. Ukipiga chafya Majengo, Pasua wanasema pole. Binti wa famasi ni mtoto wa shemeji yako. Leo hii mtu anayetumia dawa ambazo hataki zijulikane anapanda gari anakwenda kuzichukua Arusha, asionwe. Sasa mnataka famasi zote za nchi zione dawa zake?

---

Fundi wa Seva

Shikamoo Babu. La kwanza uko sahihi, ndiyo maana kikaratasi kilichochapwa kiwe na majina ya dawa na dozi kwa maandishi ya kawaida, si namba peke yake. Mtandao ukilala, famasi inatoa kwa kusoma, inaandika kwenye daftari, mtandao ukirudi inaingiza. Anayejenga mfumo wa dawa bila mlango wa nyuma wa karatasi asipewe zabuni. Nyaya za 2024 ziko baharini. Hapa kwetu hata kukatika kwa umeme mchana mmoja kunatosha.

---

Mjukuu wa Kiboriloni

Marahaba ni yako Babu, shikamoo. Hilo la pili ndilo zito na silipuuzi. Kwanza tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, na taarifa za afya imeziweka kwenye fungu la taarifa nyeti. Sheria peke yake haimfungi mdomo mtoto wa shemeji, najua. Lakini angalia karatasi ya leo: inapita mikono mingapi, inapigwa picha, inaingia WhatsApp, na hakuna anayejua nani ameiona. Mfumo mzuri unaandika kila aliyefungua. Estonia mwananchi anaingia mwenyewe anaona nani ametazama taarifa zake za afya. Hicho ndicho nakitaka, nione "tarehe fulani, famasi fulani, fulani amefungua". Halafu nimwulize shemeji.

Na famasi isione kila kitu. Ione cheti ambacho mimi nimekipeleka kwake, kwa namba niliyompa mimi.

---

Mtoa Dawa

Mleta uzi, hapo unanifunga mkono mmoja. Nikiona cheti kimoja tu, ile warfarin na metronidazole nitaikamataje?

---

Mjukuu wa Kiboriloni

Mfumo ukutahadharishe bila kukuonyesha. "Mgonjwa huyu ana dawa nyingine inayogombana na hii, ongea naye." Basi. Utamwuliza mwenyewe, akitaka atakwambia.

---

Mtoa Dawa

Inaweza kufanya kazi, ikiwa haitalia kwa kila kitu. Mfumo unaopiga kelele kwa parasetamo na vitamini, baada ya wiki mtu anabonyeza "endelea" bila kusoma.

---

Daktari Msaidizi

Nimekaa kimya nikisoma. Mimi ndiye niko upande wa pili wa hiyo kompyuta. Mjue tu kwamba kuandika kwenye karatasi ni sekunde chache, kwenye mfumo naingia ukurasa wa mgonjwa, natafuta dawa, nachagua nguvu yake, namna ya kunywa, siku, nahifadhi, inazunguka, inagoma, naanza upya. Ndiyo maana utakuta chumba kizima kinatumia neno la siri la mtu mmoja aliyeingia asubuhi. Kwa matumizi ya ndani mnaweza kuvumilia. Lakini cheti kikianza kwenda mpaka Himo na Arusha, jina lililo chini yake ndiyo saini. Dawa ya kulevya imetoka kwa jina langu na mimi nilikuwa likizo, nitajibu nini barazani? Kila mtu na neno lake la siri, na kompyuta za kutosha. Bila hivyo mimi nabaki na kalamu yangu.

---

Meku wa Soweto

Daktari umetaja za kulevya. Kuna vijana wanazunguka na kipande kimoja cha diazepam mji mzima, kila famasi wanapewa, karatasi inarudi mfukoni. Hilo namba ya kufunga ingelimaliza.

---

Mtoa Dawa

Litapungua, ndiyo. New York walilazimisha vyeti vya kielektroniki mwaka 2016 hasa kwa sababu ya dawa za maumivu zenye kulevya. Ila Meku tuambiane ukweli: antibayotiki nyingi hapa mjini hazitoki kwa cheti cha aina yoyote. Mtu anaingia anasema "nipe ya kifua, ile ya vidonge vitatu", anapewa azithromycin, anaondoka. Cheti hata kiwe kizuri namna gani hakimgusi muuzaji asiyeomba cheti. Hilo ni la ukaguzi, tusilibebeshe kompyuta.

---

Duka la Himo

Naomba na sisi wa maduka ya dawa muhimu tusisahaulike. Maduka haya yalianza kwa majaribio Ruvuma 2003, yapo sasa kila kona, na huku pembeni mtu akiumwa usiku anakuja kwetu, haendi mjini. Sina kompyuta. Nina simu moja yenye kioo kilichopasuka, na bando naweka la wiki. Mkitengeneza mfumo wa famasi kubwa peke yake, wateja wangu watapanda Haisi mpaka Moshi, nauli kuzidi dawa. Orodha ya dawa ninazoruhusiwa kuuza inajulikana. Mfumo unionyeshe zile tu, nyingine uniandikie "mwelekeze famasi". Nitafurahi kabisa, maana sasa hivi mtu akiniletea cheti chenye dawa nisiyoruhusiwa anagombana na mimi kana kwamba naificha.

Na swali ambalo sijaona mtu analiuliza. Wateja wangu hawanunui cheti kizima. Mtu ameandikiwa dawa za presha za mwezi, anakuja na elfu mbili: "nipe za elfu mbili kwanza, nyingine nikipata". Namba yenu ya LUKU ikifungwa, zilizobaki anachukuaje?

---

Mjukuu wa Kiboriloni

Duka la Himo, umeninyamazisha. LUKU yangu imeishia hapo.

---

Fundi wa Seva

Haijaisha. Cheti kisifungwe kwa namba, kifungwe kwa kidonge. Daktari ameandika thelathini, wewe umetoa saba, mfumo unabakiza ishirini na tatu, namba ile ile inafunguka tena popote mpaka ifike sifuri au muda wa cheti uishe. Kiteknolojia ni hesabu ya kutoa tu. Kazi ni kumshawishi anayeandika masharti ya mfumo kwamba watu wananunua hivyo, maana yeye kadi ya bima inamlipia zote kwa mkupuo.

---

Mtoa Dawa

Nakubali kwa presha na sukari. Kwa antibayotiki na dawa mseto, hapana. Dozi ya malaria ya mtu mzima ni vidonge ishirini na vinne kwa siku tatu, hakuna "nipe za elfu kwanza". Mfumo ujue tofauti: hizi zinagawanyika, hizi hazigawanyiki. Na zile zinazogawanyika utupe faida moja ambayo karatasi haijawahi kutupa: mtu aliyechukua saba akapotea wiki tatu, kliniki ione. Leo anarudi na presha 190, anaulizwa "unakunywa dawa?", anajibu "nakunywa", anaongezewa nguvu ya dawa ambayo hakuwa anainywa.

---

Daktari Msaidizi

Hilo la mwisho nitalisaini hata kwa kalamu. Naongeza dozi za watu kila wiki bila kujua kama ile ya kwanza waliinunua.

---

Binti wa Rombo

Basi mimi nauliza kwa ajili ya bibi. Kama nitaweza kuchukua za wiki moja huku juu, zilizobaki nikachukua kwa Duka la Himo nikishuka sokoni, na kikaratasi kikapotea bila sisi kurudi kupanga foleni upya, mtuhesabu. Ila namba ya simu waandike yangu, si ya mjomba.